Waziri na Waziri Kivuli wa Uingereza: Nani wa Kumsikiliza, na kwa Jambo Gani

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda aliyefikisha miaka 18 na anayeishi Uingereza kwa kibali halali ana haki ambayo wageni wengi nchini humo hawana: anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu bila kusubiri uraia, kwa kuwa nchi yake ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Hata pasipoti ya kwao inakubaliwa kituoni kama kitambulisho chenye picha. Ninaamini kwamba haki hiyo ina thamani kubwa, na inanisikitisha kuona ndugu zetu wengi wakiiacha ilale kwa sababu wanapotazama Bunge la nchi hiyo kwenye televisheni wanaona watu wawili wakikanushana kwa sauti kubwa, kila mmoja akiwa na takwimu zake, na hawajui wamshike yupi. Ulinganisho huu unawahusu watu hao wawili, yaani waziri na waziri kivuli wake. Umeandikwa kwa ajili ya mpiga kura huyo, na pia kwa ajili ya yule aliye Nairobi, Dodoma au Kigali ambaye maamuzi ya London yanamgusa bila yeye kuwa na kura.

Waziri ni mbunge, au wakati mwingine mjumbe wa Bunge la Mabwanyenye (House of Lords, baraza la juu), aliyeteuliwa na Mfalme kwa ushauri wa Waziri Mkuu ili aongoze wizara. Waziri kivuli ni mwanachama wa chama kikubwa zaidi cha upinzani aliyepewa na kiongozi wake kazi ya kumfuatilia waziri mmoja hatua kwa hatua, kuhoji kila anachofanya, na kuwa tayari kukaa katika kiti chake siku chama kitakaposhinda. Msomaji wa Tanzania ataufananisha mpangilio huu na Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni. Msomaji wa Kenya, ambako tangu Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge, huenda akauona mgeni kidogo, kwa sababu katika Bunge la Makabwela (House of Commons, baraza la wabunge wanaochaguliwa) mahasimu hawa hukaa ukumbi mmoja wakitazamana, meza ikiwa katikati yao, na kila mmoja ana jimbo la uchaguzi linaloweza kumkataa.

Nyenzo walizonazo

Hapa hakuna usawa hata kidogo, na mpiga kura asipolijua hilo atawahukumu vibaya wote wawili. Utumishi wa umma wa Uingereza ulikuwa na watu zaidi ya nusu milioni mwaka 2024, na waziri anapopanda kuzungumza huwa na jalada lililoandaliwa na maofisa wa wizara yake, likiwa na majibu ya swali lililoulizwa na ya maswali yanayotarajiwa kufuata. Waziri kivuli ana wasaidizi wachache wanaolipwa kwa sehemu na ruzuku ya umma ambayo vyama vya upinzani vimekuwa vikipewa tangu 1975. Kiongozi wa Upinzani amekuwa akilipwa mshahara wa cheo chake kwa mujibu wa sheria tangu 1937, na mnadhimu mkuu wa upinzani naye analipwa, lakini waziri kivuli wa fedha, wa afya au wa mambo ya ndani hapati chochote juu ya mshahara wa kawaida wa mbunge.

Kwa hiyo waziri kivuli anapotaja gharama ya mpango wake, anatumia makadirio ambayo yeyote mwenye subira angeweza kuyapata kutoka taasisi huru za utafiti wa fedha za umma. Takwimu za waziri zina kina zaidi, ila yeye ndiye anayechagua zipi zitoke na zipi zibaki kabatini. Wala kuwa na nyenzo si sawa na kuzitumia. Tarehe 23 Septemba 2022, Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng, akiwa na Hazina nzima nyuma yake, alitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 kwa mwaka bila kuambatanisha makadirio ya ofisi huru inayopima bajeti za serikali. Soko la hati fungani lilitikisika, Benki Kuu ikalazimika kuingilia kati, na Oktoba 14 aliondolewa kazini. Mpinzani wake, Rachel Reeves, alikuwa na wasaidizi wasiojaza chumba kimoja cha Hazina, lakini swali aliloliuliza, kwamba fedha hizo zitatoka wapi, ndilo swali ambalo waziri hakuwa na jibu lake.

Kuna jambo jingine ambalo waziri kivuli mara nyingi humzidi waziri, nalo ni muda wa kuizoea kazi. Kati ya Julai na Oktoba 2022, Wizara ya Elimu iliongozwa na watu watano: Nadhim Zahawi, Michelle Donelan aliyekaa chini ya siku mbili, James Cleverly, Kit Malthouse na Gillian Keegan. Waziri kivuli wa elimu alikuwa mmoja tu muda wote huo, Bridget Phillipson, aliyeshika nafasi hiyo kuanzia Novemba 2021 hadi akawa waziri kamili Julai 2024. Katika hali kama hiyo, mwalimu au mzazi aliyetaka kuelewa miaka mitatu inayokuja itakuwaje alipaswa kuyasoma maneno ya Phillipson kwa makini zaidi kuliko ya yeyote kati ya wale watano.

Kelele za Jumatano

Watu wengi huupima ushindani huu kwa kile wanachokiona Jumatano saa sita mchana, Kiongozi wa Upinzani anapomuuliza Waziri Mkuu maswali sita katika kikao cha nusu saa. Mpangilio huo ulianza 1997 chini ya Tony Blair. Kabla yake kulikuwa na vikao viwili vya robo saa, Jumanne na Alhamisi. Ni mahali pa kupima nani ana akili nyepesi na nani ana ujasiri, lakini ni mahali pabaya sana pa kuchagulia, kwa sababu hakuna muda wa kuthibitisha takwimu yoyote na kila mmoja anacheza mbele ya wabunge wake mwenyewe.

Ukitaka kuwalinganisha waziri na mpinzani wake kwa haki, tazama kikao cha maswali cha wizara husika, ambacho huja takriban kila baada ya wiki tano Bunge linapokuwa na vikao, au mijadala ya siku 20 ambazo upinzani hupewa kila mkutano wa Bunge ili uchague mada wenyewe, 17 kati yake zikiwa za chama kikuu cha upinzani. Humo mawaziri hulazimika kueleza, na mawaziri vivuli hulazimika kujua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Februari 1996. Serikali ya John Major ilichapisha ripoti ya Jaji Richard Scott kuhusu uuzaji wa vifaa vya kijeshi kwa Iraq, yenye majuzuu matano na kurasa zaidi ya 1,800, na upinzani ukapewa saa chache tu kuisoma kabla ya kauli ya serikali. Mawaziri walikuwa nayo kwa siku kadhaa. Robin Cook wa chama cha Labour, waziri kivuli wa mambo ya nje, aliingia ukumbini akiwa ameshika mambo yenyewe kiasi kwamba Waziri wa Biashara Ian Lang, aliyekuwa na wizara nzima na siku zote hizo, alionekana ndiye aliyekurupushwa. Katika mjadala wa tarehe 26 mwezi huo serikali iliponea kwa kura moja, 320 dhidi ya 319. Waziri kivuli wa aina hii, anayesoma kuliko anavyopiga kelele, ndiye anayestahili kufikiriwa kuwa waziri. Cook mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka uliofuata, na Machi 2003 alijiuzulu serikalini kupinga vita vya Iraq. Ukali wake wa upinzani ulikuwa umetoka ndani, haukuwa vazi la kuvuliwa baada ya uchaguzi.

Kalamu, sheria na mkoba

Swali kubwa la mpiga kura ni hili: waziri nitampima kwa aliyoyatenda, je, waziri kivuli ambaye hajatenda lolote nitampima kwa nini? Watu hujibu kwamba nitampima kwa ahadi zake, kisha hukata tamaa kwa kuwa ahadi za wanasiasa hazina mwisho. Mimi nimeona inasaidia kuzigawa ahadi za upinzani kwa kuangalia zinahitaji nini ili zitimie.

Zipo ahadi za kalamu, ambazo waziri anaweza kuzitimiza siku ya kwanza kwa uamuzi wake. Hizi hutimizwa sana. Mwezi Mei 1997, siku tano baada ya uchaguzi, Gordon Brown, Waziri mpya wa Fedha wa Labour, aliikabidhi Benki Kuu ya Uingereza mamlaka ya kupanga riba. Hakuhitaji kukusanya senti moja. Yvette Cooper, akiwa waziri kivuli wa mambo ya ndani, alisema kwamba Labour itaufuta mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, na ulifutwa mara tu Labour ilipoingia madarakani Julai 2024.

Zipo ahadi za sheria na kodi zilizoandikwa wazi katika ilani ya uchaguzi. Hizi huchelewa kidogo lakini kwa kawaida hufika, hasa chama kinapokuwa na wingi mkubwa bungeni. Brown aliahidi kuyatoza kodi ya mara moja makampuni ya umeme, maji na simu yaliyobinafsishwa, na Julai 1997 aliitangaza. Phillipson na Reeves waliahidi kuiweka kodi ya ongezeko la thamani kwenye ada za shule binafsi, na kuanzia Januari 1, 2025 inatozwa kwa asilimia 20.

Halafu zipo ahadi za mkoba, yaani zile zinazotaka fedha nyingi kila mwaka, na hapo ndipo mpiga kura anapaswa kuwa mwangalifu kupita kiasi. Septemba 2021 Reeves aliahidi kwamba Labour itawekeza pauni bilioni 28 kila mwaka katika uchumi wa kijani. Februari 2024, kabla hata ya uchaguzi, kiasi hicho kiliachwa na mpango mdogo zaidi ukawekwa mahali pake. Waliokuwa wamemchagua moyoni kwa ahadi hiyo walijifunza mapema. Lakini ni heri ahadi ikivunjwa kabla ya kura kuliko baada yake, na katika hilo ninampa alama zake.

Kinyume chake, yapo mambo ambayo waziri huyafanya bila kuyataja alipokuwa kivuli. Tarehe 29 Julai 2024, Reeves akiwa Waziri wa Fedha kwa majuma machache tu, aliliambia Bunge kwamba amekuta pengo la pauni bilioni 22 katika matumizi ya mwaka ule, na akaondoa ruzuku ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi kwa wastaafu wengi, uamuzi ambao haukuwamo katika ilani. Upande wa pili wa meza alikaa Jeremy Hunt, ambaye majuma hayo machache kabla ndiye alikuwa Waziri wa Fedha, na sasa alikuwa kivuli cha Reeves. Hunt alikana kuwapo kwa pengo kama lilivyoelezwa, akisema vitabu vya serikali vilikuwa wazi kwa wote. Mvutano huo ulikuwa na faida moja kwa mtazamaji: wote wawili walikuwa wamewahi kukaa pande zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya kutojua. Juni 2025 serikali ililegeza uamuzi huo na kuwarudishia ruzuku wastaafu wengi wa England na Wales wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka.

Waziri kivuli anaposhinda bila kushinda

Wapo wanaodhani kwamba kumsikiliza waziri kivuli hakuna maana mpaka chama chake kishinde. Historia ya karibu inawapinga. Oktoba 2007, George Osborne, waziri kivuli wa fedha wa chama cha Conservative, aliahidi kwamba chama chake kingepandisha kiwango cha kuanza kutozwa kodi ya urithi hadi pauni milioni moja. Siku chache baadaye Gordon Brown, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu na aliyekuwa amewaacha watu waamini kwamba angeitisha uchaguzi, alitangaza kuwa hautakuwapo, na tarehe 9 mwezi huohuo Waziri wa Fedha Alistair Darling akawaruhusu wanandoa kuunganisha misamaha yao hadi pauni 600,000. Osborne alikuwa bado miaka miwili na nusu mbali na Hazina, lakini kodi ilikuwa imeshabadilika.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa bei ya umeme na gesi. Ed Miliband, kiongozi wa Labour, alipendekeza mwaka 2013 kuzizuia bei hizo zisipande kwa miezi 20, na serikali ya mseto iliyoongozwa na Conservative ikalikejeli wazo hilo. Mwaka 2018 serikali ya Conservative chini ya Theresa May ikapitisha sheria ya kuweka kikomo cha bei, kilichoanza kufanya kazi Januari 2019. Januari 2022 Labour ilidai makampuni ya mafuta na gesi yatozwe kodi ya faida isiyotarajiwa. Serikali ilipinga kwa miezi kadhaa, kisha Mei 26 Waziri wa Fedha Rishi Sunak akaitangaza kodi ya asilimia 25 juu ya faida hizo, kwa jina jingine. Machi 2024 Jeremy Hunt akafuta unafuu wa kodi waliokuwa wakipewa wakazi matajiri wenye makao rasmi nje ya nchi, hatua ambayo Reeves alikuwa akiidai kwa muda mrefu na ambayo alitegemea mapato yake kugharamia ahadi zake. Hunt alikuwa ametimiza hoja ya mpinzani wake na papo hapo kumpokonya fedha alizozitegemea.

Kwa mpiga kura, maana yake ni kwamba waziri anayeiga wazo la mpinzani hastahili kudharauliwa kwa kuiga, wala waziri kivuli aliyeibiwa wazo asionekane ameshindwa. Ikiwa jambo unalolitaka ni hilo tu, umeshalipata, na kura yako inaweza kwenda kwenye jambo jingine.

Wanapokubaliana

Ushindani huu una sura ya uadui, lakini mara nyingi makubaliano ndiyo yanayopaswa kumtia mpiga kura wasiwasi au matumaini. Uingereza ilipoingia katika mfumo wa Ulaya wa kufunganisha viwango vya kubadilishana fedha Oktoba 1990, Labour iliunga mkono. Kwa hiyo siku ya Jumatano, Septemba 16, 1992, pauni ilipoporomoka na Waziri wa Fedha Norman Lamont kutangaza riba ya asilimia 12 kisha 15 katika siku moja kabla ya kujitoa kabisa, waziri kivuli Gordon Brown alikuwa akishambulia kuanguka kwa sera ambayo chama chake kiliikubali. Wapiga kura walimlaumu waziri peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kazini. Mwaka 1997 Brown, na mwaka 2007 Osborne, kila mmoja akiwa kivuli, aliahidi kufuata kwa muda viwango vya matumizi vya waziri aliyekuwa akimpinga. Brown alitimiza, Osborne aliiacha ahadi hiyo Novemba 2008, msukosuko wa fedha duniani ulipobadili kila kitu.

Na wakati mwingine waziri kivuli humkubali waziri na kumpinga kiongozi wake mwenyewe. Tarehe 2 Desemba 2015, Hilary Benn, waziri kivuli wa mambo ya nje, alisimama mbele ya Jeremy Corbyn aliyekuwa amekaa kiti cha karibu na kutetea mashambulizi ya anga nchini Syria, na Waziri Philip Hammond akamsifu. Pendekezo la serikali lilipita kwa kura 397 dhidi ya 223. Yeyote aliyetaka kujua Labour ingefanya nini katika vita siku ile asingepata jibu moja. Chama ambacho kiongozi na waziri wake kivuli wanavutana hadharani kinakuonyesha mapema serikali yake itakavyokuwa.

Mambo ya ndani, yaani mambo yetu

Wizara ya Mambo ya Ndani ndiyo inayotawala viza, ukaaji na uraia, na hivyo ndiyo inayoamua kama mama wa mtu atakuja kumwona mjukuu wake. Hapa ninawaomba wasomaji wawe makini zaidi, kwa sababu ndipo kelele na uhalisia vinapotofautiana sana. (Inafaa kukumbuka kwamba Priti Patel, aliyetia saini mpango wa Rwanda Aprili 2022, ni binti wa wazazi waliotoka Uganda, na baba wa Suella Braverman aliyemfuata alitoka Kenya, asili ya mtu haitabiri sera yake.)

Katika mpango wa Rwanda tofauti ilikuwa halisi. Mahakama ya Juu iliutangaza kuwa kinyume cha sheria Novemba 2023, serikali ikapitisha sheria mpya kuuokoa, na Cooper akaahidi kuufuta. Baada ya kuingia ofisini alisema uligharimu pauni milioni 700, na waliokwenda walikuwa watu wanne kwa hiari yao.

Lakini katika viza za kazi na familia, tofauti ilikuwa ndogo kuliko wengi wetu tulivyoamini. Desemba 2023 James Cleverly, sasa akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitangaza kwamba mshahara wa chini kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi utapanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700, kwamba walezi wa wazee na wagonjwa hawataruhusiwa tena kuja na wategemezi wao, na kwamba kipato cha anayetaka kumleta mwenzi wake kitapanda kutoka pauni 18,600. Mwezi Aprili 2024 kiwango hicho cha mwisho kilifika pauni 29,000. Lawama za Cooper hazikuwa kwamba masharti ni makali mno, bali kwamba serikali ilishindwa kwa miaka mingi kudhibiti idadi ya wanaoingia. Aliyemsikiliza vizuri hakushangaa Labour ilipotawala: nyongeza zaidi ya kipato cha mwenzi ilisimamishwa ili ichunguzwe, lakini Julai 2025 uajiri wa walezi wapya kutoka ng'ambo ulifungwa kabisa na mshahara wa viza ya ujuzi ukapanda hadi pauni 41,700. Aliyesikia tu kwamba fulani anampinga fulani alidhani atapata nafuu ambayo hakuna aliyemwahidi. Kwa hiyo unapomsikia waziri kivuli akishambulia, jiulize anashambulia kutoka upande upi: anataka waziri apunguze, au anataka aongeze?

Upo pia mzani wa tatu ambao wengi huusahau. Aprili 2018, watu wa kizazi cha Windrush waliokuja kihalali kutoka Karibi walipogundulika kuwa wamenyimwa matibabu, kazi na hata kufukuzwa nchini, waziri alikuwa Amber Rudd na waziri kivuli alikuwa Diane Abbott. Swali lililoamua hatima ya Rudd, hata hivyo, liliulizwa katika kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani tarehe 25, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Yvette Cooper. Rudd alisema hakukuwa na malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa. Nyaraka zikaonyesha yalikuwapo. Tarehe 29 akajiuzulu kwa kulipotosha Bunge bila kukusudia. Kamati ina wabunge wa vyama vyote, inaweza kurudia swali mara kumi, na waziri hana wafuasi wa kumshangilia. Kama una saa moja tu kwa mwezi ya kufuatilia siasa za nchi hiyo, itumie kwa kamati.

Nani wa kumwandikia, na nani wa kumpigia kura

Mwenye shida sasa hivi, mathalani ombi la viza lililokwama, asimwandikie waziri wala waziri kivuli. Amwandikie mbunge wa jimbo analoishi, wa chama chochote awaye, kwa kuwa barua ya mbunge ndiyo inayojibiwa na ofisi ya waziri, na kwa desturi ya Bunge mbunge hashughulikii wakazi wa jimbo la mwenzake. Anayepanga maisha ya miaka mitatu au minne, kwa mfano mwanafunzi anayekusudia kubaki kufanya kazi, asome hotuba za waziri kivuli pamoja na matamko ya waziri, na azipange ahadi kama nilivyozipanga hapo juu. Aishiye Uskoti, Wales au Ireland ya Kaskazini akumbuke kwamba afya na elimu huko zinaongozwa na serikali za huko, kwa hiyo mabishano ya London kuhusu hospitali kwa sehemu kubwa ni ya England.

Asimpigie mtu kura kwa kudhani kwamba kivuli wa leo ni waziri wa kesho kwa hakika. Katika uchaguzi wa 2024, ambao Labour ilishinda kwa viti 411, Jonathan Ashworth na Thangam Debbonaire, wote wawili wajumbe wa baraza kivuli, walipoteza majimbo yao usiku uleule chama chao kilipoingia madarakani, na Emily Thornberry, aliyekuwa kivuli wa Mwanasheria Mkuu, alishinda jimbo lake lakini nafasi akapewa mwingine. Vilevile upinzani wenyewe si mmoja: Conservative walibaki na viti 121, Liberal Democrats wakapata 72, na Reform UK, kilichopata vitano tu, kikapanda juu ya vyama vyote katika kura nyingi za maoni za mwaka 2025. Waziri kivuli rasmi anaweza kuwa na haki zote za Bunge na bado asiwe mpinzani ambaye waziri anamwogopa.

Kwa aliyebaki Afrika Mashariki, jambo la kutazama ni msaada wa maendeleo. Novemba 25, 2020, Waziri wa Fedha Rishi Sunak alitangaza kwamba msaada utashuka kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5. Labour ilipinga, na Julai 2021 ilipiga kura dhidi ya hatua hiyo ikashindwa kwa kura 298 dhidi ya 333. Februari 25, 2025, Keir Starmer, akiwa Waziri Mkuu, alitangaza kwamba msaada utashuka hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027 ili fedha ziende kwenye ulinzi. Waziri kivuli wa fedha aliyesimama kumjibu Sunak siku ile ya 2020 alikuwa Anneliese Dodds. Mwaka 2025 alikuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa katika serikali ya Starmer. Alisubiri hadi kiongozi wake alipomaliza mkutano wake Washington, kisha Februari 28 akajiuzulu.